Milango ya Chakula Mjini Kisangani

Mtu ahamiaye mji asioujua, awe ni mwalimu aliyepewa uhamisho, mwanafunzi aliyepata nafasi chuoni, mfanyabiashara aliyetumwa na jamaa zake kufungua duka, au mke aliyemfuata mumewe kazini, aghalabu hushughulika kwanza na nyumba, kisha na lugha, na chakula hukiacha mwisho kana kwamba kitajitafuta chenyewe. Nyumba hupatikana siku anapokabidhiwa ufunguo, na lugha humwingia masikioni kidogo kidogo bila ya yeye kujua. Bali chakula kizuri, kile kimfanyacho mtu akae kwa raha na ainuke kwa shukurani, hakipatikani ila kwa kukitafuta, na wako watu waliokaa miaka mingi katika mji mmoja wakila vibaya, ilhali majirani zao wa ukuta mmoja wanakula vizuri kwa fedha ileile.

Naona hakuna mji unaolidhihirisha jambo hili kuliko Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Bangoka na kupelekwa Makiso, mtaa wenye ofisi, benki na maduka makubwa, ataona rafu zimejaa sardini za kopo, maziwa ya unga, tambi na biskuti, vitu vilivyosafiri nusu ya dunia kabla ya kufika hapo, navyo huuzwa pamoja na gharama ya safari yao. Akila vitu hivyo kwa siku kadhaa pamoja na mkate, atadhani kwamba amefika katika mji wenye njaa. Dhana hiyo haina ukweli hata chembe. Chakula cha Kisangani kipo, tena kingi na kizuri, walakini hakikai katika rafu, kinapita. Huingia mjini kwa milango yake, kila mlango na saa yake na watu wake, na ajuaye milango hiyo ndiye alaye.

Ili milango hiyo ifahamike, sharti tuutazame mji ulivyokaa. Kisangani imesimama kaskazini kidogo ya Ikweta, katikati ya msitu mkubwa wa Kongo, mahali ambapo mvua hunyesha karibu mwaka mzima na ardhi haijui kiangazi kirefu. Kutoka hapo kwenda magharibi, Mto Kongo hupitika kwa meli mpaka Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Lakini kwenda juu, mto umekatwa na maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotapakaa takriban kilomita mia moja baina ya Ubundu na Kisangani, wala hakuna chombo kiwezacho kuyapita. Kwa sababu hiyo Wabelgiji walijenga reli fupi ya kuyazunguka maporomoko hayo, iliyofunguliwa mwaka 1906, na kwa sababu hiyohiyo mji ulizaliwa hapo na si penginepo: ni mahali ambapo mizigo yote hushushwa, huhesabiwa, huuzwa na kupakiwa upya. Mji uitwao leo Kisangani uliitwa Stanleyville na wakoloni mpaka mwaka 1966, na umegawanyika katika wilaya sita, tano katika ukingo wa kulia, nazo ni Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani yenyewe, na ya sita, Lubunga, ng'ambo ya mto peke yake. Mgeni na aziweke wilaya hizi akilini, kwa maana kila moja ina soko lake na desturi zake, na soko kuu la Makiso, licha ya ukubwa wake, si pahali penye bei nzuri kwa kila kitu.

Nianze na samaki, kwa kuwa samaki ndiye fahari ya mji huu. Katika poromoko la mwisho, upande wa juu wa mji, wanakaa Wagenia, jamaa ya wavuvi ambao sifa zao zimeenea duniani kote, na ambao picha yao ilichapishwa hata katika noti na stempu za nchi. Uvuvi wao haufanani na uvuvi wa pwani wala wa maziwa. Huchukua magogo marefu ya msituni na kuyasimamisha katika matundu ya miamba katikati ya maji yaendayo kwa kishindo, wakayafunga kwa kamba za mitambaazi pasipo msumari hata mmoja, mpaka yakawa kama majukwaa yasimamayo juu ya mkondo. Katika majukwaa hayo huning'iniza migono mikubwa ya umbo la faneli, midomo yake ikielekea maji yanakotoka. Samaki aliyezidiwa na nguvu ya maji husukumwa ndani ya mgono, na nguvu ileile iliyomwingiza humzuia kutoka. Kisha wanaume hupanda juu ya magogo hayo, wengine huogelea au kukabili mawimbi kwa mitumbwi, wakaivuta migono na kutoa riziki yao. Na desturi ni kuiangalia mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mahali pa kusimamisha magogo si pa mtu yeyote apendaye. Ni milki za koo, zinazorithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na mgeni asidhani kwamba mto, kwa kuwa ni mto, hauna wenyewe.

Hapo basi ndipo mgeni apendaye samaki anapaswa kujifunza saa. Umeme mjini Kisangani, ingawa upo mtambo wa nguvu za maji katika Mto Tshopo uliojengwa tangu enzi za Wabelgiji, hukatika mara kwa mara, na barafu ni kitu cha anasa. Kwa hiyo samaki mbichi wa saa tatu asubuhi na samaki huyohuyo wa saa tisa alasiri si samaki mmoja tena. Anayemtaka kapiteni mnono, au mbenga mwenye meno makali ambaye nyama yake ina miiba mingi lakini utamu wake hausahauliki, au ngolo wa matopeni, na aende mapema ufukoni, wakati mitumbwi inapofika, asingoje mpaka bidhaa imeshachukuliwa na wachuuzi, ikapita mikono mitatu na kupigwa jua sokoni. Amtazame samaki macho kama yang'aa au yamefifia, amfunue matamvua aone kama ni mekundu, ambonyeze kwa kidole aone kama nyama hurudi. Hakuna mama muuzaji atakayekasirika kwa uchunguzi huo. Kinyume chake, humheshimu mnunuzi ajuaye.

Akichelewa, asihuzunike, kwa kuwa watu wa mto walikwisha litafutia dawa tatizo hili kabla ya barafu kujulikana: humkausha samaki kwa moshi. Samaki wa moshi huletwa kutoka mbali, kutoka vijiji vya chini ya mto kuelekea Isangi na Basoko, na pia kutoka juu, upande wa Ubundu na Lowa, wakiwa wamepangwa katika makapu marefu ya miti yaliyofunikwa majani. Huyu ndiye samaki wa kila siku wa nyumba nyingi, na akipikwa katika mchuzi wa mawese pamoja na pilipili ya msituni, huwa na ladha nzito ambayo samaki mbichi hana. Kazi ya mnunuzi ni kumvunja kidogo na kumtazama ndani, asije akapewa aliyeliwa na wadudu. Ama makayabu, yaani samaki wa chumvi wa bahari za mbali, huyo ameingia Kongo kwa biashara na amependwa mno; sina neno juu yake isipokuwa kwamba haielekei kwa mtu akaaye kando ya Mto Kongo kumfanya huyo kuwa chakula chake kikuu.

Na pishi lililo bora kuliko yote kwa samaki mbichi ni liboke. Samaki husafishwa, akapakwa chumvi, kitunguu, nyanya na pilipili, na pengine mawese kidogo, akafungwa katika majani mapana ya mangongo yaotayo chini ya miti mikubwa ya msituni, kisha kifurushi hicho kikawekwa juu ya makaa yasiyo na mwali. Majani huungua kwa nje na kubaki mabichi kwa ndani, nayo hutoa harufu yake ikamwingia samaki, na maji yake mwenyewe yakawa mchuzi wake. Mgeni anayeyafungua majani hayo kwa mara ya kwanza, moshi mtamu ukimpanda usoni, hahitaji mtu wa kumwambia kwamba amefika Kisangani.

Majani hayohayo ndiyo yafungayo chikwangue, mkate wa muhogo ambao ndio akiba ya wasafiri wa mtoni. Muhogo mchungu hulowekwa majini kwa siku kadhaa mpaka sumu yake iondoke na mizizi ilainike, ukasagwa, ukafungwa majanini na kupikwa kwa mvuke. Nao, ukiisha kuwa tayari, hukaa siku nyingi bila kuharibika. Majani ya mti huo huo ni sombe, ambayo wasemao Lingala huita pondu na watu wa pwani wanayajua kwa jina la kisamvu. Mapishi ya Kisangani yana ubora wake: majani hutwangwa kinuni mpaka yawe laini kabisa, yakachemshwa kwa muda mrefu, maana nayo pia yana sumu iondokayo kwa moto na saburi, kisha yakatiwa mawese, vitunguu na samaki wa moshi. Anayeuziwa sombe iliyopikwa haraka na akaila kwa sababu ya njaa atajuta.

Juu ya mawese nina jambo la kusema ambalo si wengi wanaolijua. Takriban kilomita mia moja chini ya Kisangani, katika ukingo wa kulia, kuko Yangambi, ambako mwaka 1933 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC, iliyokuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya elimu ya mimea katika nchi za joto. Hapo ndipo watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walipothibitisha katika mwaka 1941 namna gamba la kokwa ya mchikichi linavyorithiwa: kwamba mchikichi wenye gamba nene, ukizalishwa na ule usio na gamba, huzaa mchikichi wenye gamba jembamba na nyama nyingi, na kwa hiyo mafuta mengi. Michikichi inayopandwa leo katika mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia ni ya uzao huo. Basi mama wa Mangobo amiminaye mawese mekundu katika chungu chake anatumia kitu ambacho elimu yake ilitoka jirani na kwake ikauneemesha ulimwengu mzima, na ni huzuni kwangu kwamba vijana wengi wa Tshopo hufundishwa majina ya wafalme wa Ulaya kabla ya kufundishwa habari hii. Mawese mazuri, na nimwambie mgeni, yana harufu ya matunda wala si ya ukungu, na hununuliwa kwa chupa kutoka kwa wauzaji wanaojua kijiji yalikotoka.

Pamoja na muhogo kuna ndizi za kupika, na hapa ndipo penye chakula ambacho Kisangani hujivunia kuwa ni chake hasa, nacho ni lituma. Ndizi hupikwa zikaiva, zikatwangwa zikiwa bado za moto mpaka zikawa donge lenye kunata, likafinyangwa kwa mkono na kuliwa kwa sombe au kwa samaki. Ni chakula kizito, chakula cha mtu aliyekwisha kazi yake au anayeiendea, na nguvu ya kukitwanga si haba. Nyumba ambamo mchi husikika saa za jioni ni nyumba itakayokula vizuri. Ndizi zenyewe huja kwa njia nyingi: kwa mitumbwi kutoka chini ya mto, kwa barabara ya Buta na barabara ya Ituri, na kwa baiskeli kutoka vijiji vya karibu, mikungu ikiwa imefungwa pande mbili za gurudumu. Ambaye anaweza kudamka na kusimama barabarani ambapo baiskeli hizo huingia mjini, atanunua mkungu mzima kwa bei ya nusu mkungu wa sokoni.

Msitu hutoa vitu vingine pia ambavyo mgeni hana budi kuvizoea kwa macho kabla ya ulimi. Viwavi huvunwa kwa majira yao, hasa kuanzia mwezi wa saba, wakauzwa wabichi kwa siku chache na wakavu kwa miezi mingi, na watu wa hapa huwangoja kwa shauku kubwa. Mpose, ambao ni mabuu manono ya vigogo vya michikichi, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe pamoja na kitunguu, na bei yao hushinda bei ya kuku. Sioni haya kuwasifu: ni chakula safi chenye kujenga mwili, na anayekataa kuonja kwa sababu ya umbo lake anajinyima. Ama nyama ya porini, ambayo huonekana kwa wingi sokoni, nyingine mbichi na nyingine ya moshi, hapo nashauri hadhari. Sheria za Kongo zinawahifadhi wanyama kadhaa, okapi akiwa wa kwanza wao, na misitu ya Tshopo inapunguziwa wanyama kwa kasi. Aidha, kuna maradhi yatokayo kwa wanyama wa mwitu, mathalan mpoksi, ambao binadamu wa kwanza kutambuliwa kuwa nao alikuwa mtoto wa Kongo, mwaka 1970. Mwenye samaki, viwavi na maharage hana dharura ya kula nyani.

Msomaji wa pwani atastaajabu akiambiwa kwamba katika mji huu wa muhogo na ndizi watu wanakula wali, tena wali wa mashamba yao wenyewe, wala hawaoni kuwa ni chakula cha kigeni. Sababu yake imo katika tarikhi yenye utamu na uchungu pamoja. Katika robo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Unguja walifika maporomokoni wakitafuta pembe za ndovu, na mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip. Mwaka 1887, kwa mapatano yaliyofanyika Unguja, mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya kuwa liwali wa maporomoko hayo. Waungwana waliofuatana na misafara hiyo walikuja na lugha ya Kiswahili, dini ya Kiislamu, miembe, michungwa na mbegu za mpunga, wakalima mashamba kando ya mto kuulisha mji wao. Haifai kuficha kwamba mikono mingi iliyolima mashamba hayo ilikuwa mikono ya watu waliotekwa, na kwamba vijiji vilichomwa moto ili pembe zipatikane. Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 viliondoa utawala wa Waarabu, na mahali pao wakaketi mabwana wengine, ambao kuanzia mwaka 1917 waliwalazimisha wenyeji kwa sheria kulima mazao yaliyoamriwa, mpunga ukiwa miongoni mwao. Mpunga basi ulipandwa kwa shuruti mara mbili; lakini wakulima wa Isangi, Banalia, Bafwasende na Opala waliufanya kuwa wao, na leo wanaulima kwa hiari katika mashamba ya nchi kavu yaliyofyekwa msituni, pasipo majaruba wala mifereji, wakiitegemea mvua tu.

Mchele huo ndio ambao mgeni anapaswa kuuulizia. Haukupauka kama ule wa kutoka Asia, na mara nyingi una vijiwe na chenga, hivyo hauna budi kupepetwa na kuchambuliwa. Lakini ukiwa mpya una harufu na utamu ambao mchele uliokaa miezi kadhaa ndani ya meli hauwezi kuwa nao. Hupimwa kwa kopo, na mnunuzi mwenye adabu akiisha kulipa huomba mbakisa, yaani nyongeza ya mkono mmoja, wala muuzaji mwenye insafu hamnyimi. Wali wa hapa haupikwi kwa tui. Nazi ni adimu. Huliwa na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na ni mlo ambao mtu wa Mombasa na mtu wa Lubunga wanaweza kuketi wakaula sahani moja wakaelewana.

Maharage yenyewe, pamoja na viazi vya mviringo, vitunguu na kabichi, hayatoki msituni. Huletwa kutoka mashariki, kutoka nyanda za baridi za Butembo na Lubero, kwa ile barabara ndefu ipitayo Mambasa, Niania na Bafwasende, ambayo wafanyabiashara Wanande wameitia maisha kwa uvumilivu mkubwa. Mvua ikizidi, malori hukwama matopeni, na bei ya kitunguu mjini hupanda kabla mtu hajasikia habari ya barabara. Njia hii ilipata umuhimu mkubwa zaidi wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998, mji ulipotenganishwa na Kinshasa na mto ukafungwa kwa biashara. Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani yenyewe, na watu wasio na hatia walikufa kwa mamia. Petroli ilikuwa adimu, na ndipo baiskeli za kuchukua abiria, zilizoitwa toleka, zilipokuwa miguu ya mji: mtu alikaa juu ya kiti chenye mto nyuma ya mwendeshaji, na shehena ya unga ilikaa mahali pa mtu. Sasa pikipiki zimeshika nafasi yao kwa kiasi kikubwa, lakini wauzaji wazee hawajaisahau miaka ile, na mgeni akimsikia mama akiziheshimu punje za chumvi, ajue heshima hiyo ilipofunzwa.

Nimetaja milango, sasa nitaje wale waishikao funguo zake, ambao ni akina mama wa sokoni na wa malewa. Malewa ni jiko la kando ya njia: mama ana makaa, masufuria mawili au matatu, benchi na kivuli cha turubai, na tangu asubuhi anauza uji na maandazi, ambayo huitwa mikate, kisha adhuhuri anageukia wali, maharage, sombe na samaki. Mikahawa yenye meza za vitambaa ipo Makiso, na ina faida zake. Lakini mimi namwelekeza mgeni kwa mama ambaye wapagazi wa bandarini na waendesha pikipiki wanapanga foleni kwake, kwa kuwa watu hao wanafanya kazi ngumu kwa fedha kidogo, na hawana ruhusa ya kukosea. Aangalie kama chakula kiko juu ya moto, kama kuna maji na sabuni ya kunawia mikono, na kama sufuria huwa tupu kabla ya saa nane mchana. Sufuria iliyojaa saa kumi ni ya kuachwa. Mwislamu naye hatapata taabu: jamaa ya Kiislamu ya Kisangani ni ya zamani, na akiuliza msikitini ataelekezwa kwa mchinjaji na kwa nyumba zipikazo kwa halali.

Kila kitu, hata hivyo, kinategemea salamu. Mji huu unasema Kiswahili na Lingala kwa ulimi mmoja, na Kifaransa cha ofisini juu yake, na Kiswahili chake kina mwendo wake ambao mtu wa Unguja asiukosoe bali ajifunze. Mwanamke wa makamo ni mama, mwanamume ni papa, aliyekuzidi kidogo ni yaya, na mzee ni koko. Hapana amani kwa mtu afikaye mbele ya meza ya muuzaji akaanza na bei. Mnunuzi mwenye adabu husema kwanza, "Mama, jambo, umeamukaje?" akaulizwa naye juu ya usiku wake na watoto wake, ndipo aseme, "Hii ngolo ni beyi gani?" Naye mama hujibu, "Papa, utanipatia ngapi?" na hapo mazungumzo ndiyo yameanza, hayajakwisha. Atakayenunua kwa mama yuleyule wiki baada ya wiki, hata siku ambayo jirani yake ameshusha bei kidogo, atafika wakati akakuta kapiteni bora amefichwa chini ya majani kwa ajili yake, na hiyo ndiyo mali ambayo haiuzwi dukani.

Ng'ambo ya mto, Lubunga, ndiko kulikokuwa na bei nafuu za ndizi, muhogo na mboga, na wengi walikuwa wakivuka kwa mtumbwi wenye injini kwenda kununua huko. Lakini tangu mwanzoni mwa mwaka 2023 ugomvi wa ardhi baina ya Wambole na Walengola umemwaga damu katika upande huo, na maelfu ya watu waliyaacha mashamba yao wakavukia ukingo wa kulia, wakakaa mashuleni na katika viwanja wazi. Mtu aliyekuwa akileta mikungu sokoni akawa anaomba mkungu. Mgeni anayenunua chakula Kisangani leo ananunua kutoka kwa watu ambao baadhi yao wamepoteza kila kitu isipokuwa ujuzi wa kukilima, na sidhani kwamba inafaa kubishana nao mpaka franga ya mwisho.

Na linalonisikitisha kuliko yote ni hili, kwamba mahali palipo na ardhi yenye rutuba, mvua ya mwaka mzima, mto mkubwa na kituo cha utafiti kama Yangambi, mchele wa Asia bado unauzwa Makiso wakati magunia ya Isangi na Opala yanasubiri chombo cha kuyachukua. Treni ya Ubundu hukosekana kwa vipindi virefu, barabara za Opala na Banalia hupitika kwa shida, na maghala ya baridi kwa samaki ni machache mno. Wanaohusika na mambo haya wanajulikana, na hawahitaji mwandishi wa jarida kuwafundisha kazi yao; lakini kila mtu alaye Kisangani ana haki ya kuwauliza kwa nini gunia la mpunga linafika kwa shida kutoka kilomita mia na kidogo, ilhali gunia lililotoka ng'ambo ya bahari linafika.